Mvivu wa Mithali Ana Shamba

Ibada ikiisha, mwalimu wa Biblia huulizwa swali lile lile: kijana wangu amemaliza chuo, yupo tu nyumbani, nimsomee mstari gani aache uvivu? Kwa kawaida muulizaji ameshajijibu. Ni Mithali 6, habari za chungu. Anachotafuta ni muhuri wa mchungaji tu.

Muhuri huo hapati. Imani kwamba Biblia inamwita kila asiye na kitu mvivu inavunjwa na kitabu kile kile kinachotajwa kuitetea. Isomwe Mithali 24, kuanzia aya ya 30. Huyo mvivu ana shamba, ana mizabibu, ana na ukuta wa mawe, lakini shamba ameliacha liliwe na magugu na ukuta ubomoke. Sura ya 26 inampa kitanda cha kugeukia na bakuli la chakula, ingawa kuuinua mkono hadi kinywani kunamshinda. Huyu ni mwenye mali anayeiacha iharibike. Anafanana wapi na kijana anayeshinda juani na bahasha ya vyeti?

Maskini mchapakazi naye yumo. Mithali 13:23 inaonyesha shamba lake likitoa chakula tele, kisha dhuluma inakifagia. Aya hiyo haihubiriwi sana. Haina raha ya kumrushia mtu. Yakobo, sura ya 5, anawakemea matajiri waliozuia ujira wa wavunaji. Kumbukumbu la Torati 24 inaagiza kibarua alipwe kabla jua halijachwa, na bosi anayekalia mishahara ya watu miezi mitatu huku akiwahubiria bidii angeanzia hapo.

Lakini Paulo je, hakuwaambia Wathesalonike asiyetaka kazi asile? Aliwaambia, tena yeye mshona mahema aliyekula jasho lake. Aliwalenga waliokataa kazi, wakawa wanajiingiza katika mambo ya watu na kula vya wenzao. Waliokosa kazi hakuwagusa.

Basi, ya kufanya. Mwenye shamba alipalilie. Mwenye mshahara wa watu aulipe. Mwenye karakana au duka aige Walawi 19, inayotaka pembe za shamba zisivunwe: aache nafasi ya mgeni kuanzia. Ruthu Mmoabu alipewa nafasi hiyo, akaokota masazo tangu asubuhi hadi jioni. Mzazi amuulize kijana ameomba kazi wapi, kisha amtafutie fundi wa kumfundisha. Akitaka lazima mstari wa kumsomea, ni Mithali 13:23, na wausome wote wawili.