Gofu ya kusi na moyo wako
Kusi likivuma Julai, asubuhi za Mombasa hushuka hadi karibu nyuzi 20 za selsiasi. Sisi twaita baridi, ingawa mtu wa Limuru angetucheka. Ligi ya ridhaa ikifunguliwa majira haya, mtu aliyekaa kitako dukani Majengo miezi mitatu huondoka kwenda kupiga gofu uwanja wa mashimo 9 ulio kando ya bahari, na kuuzunguka mara mbili.

Fimbo ya kwanza huipiga mgongo ungali baridi. Jumatatu yuko kliniki kwangu, hawezi kuinama afunge viatu! Dakika 10 za kutembea haraka na kuzungusha mabega zingemfaa. Upepo nao hukausha jasho usilione, hivyo kunywa maji hata bila kiu.

Linalonitia hofu hasa ni moyo. Mwenye miaka 40 na ushei, mwenye presha, sukari au mvutaji sigara, apimwe kabla ya msimu. Ukibanwa na kifua, maumivu yakipanda taya au yakishuka mkononi na jasho jembamba likikutoka, usijiambie ni gesi. Weka fimbo chini, ukae, mwenzako akupeleke Makadara papo hapo. Gari usiendeshe mwenyewe.