Benzi la Zamani: Yanayopaswa Kuchunguzwa Kabla ya Kulipa

Hakuna mkazi wa Kamembe asiyelitambua Benzi la zamani linapopanda polepole kutoka darajani. Sauti ya injini yake ya dizeli hutangulia, boneti yake ndefu hufuata, na wazee waliokaa barazani huinua macho. Katika Afrika ya Mashariki gari hili lilipata hadhi hata likazaa neno: wakubwa wa serikali na matajiri waliitwa “wabenzi”, kana kwamba ni kabila. Miaka imepita, bei yake imeshuka, na leo mwalimu au mfanyabiashara wa samaki aweza kulipata kwa akiba ya miaka michache. Hilo si baya. Tunaandika makala haya ili akiba hiyo isipotee kwa sababu mnunuzi aliangalia rangi na viti, akasahau kuangalia namba na hati.

Magari tunayoyazungumzia ni hasa ya familia tatu za Mercedes-Benz. W123 lilitengenezwa tangu mwaka 1976 hadi mwanzoni mwa 1986, na jumla yake ilikaribia milioni 2.7. W124 lililolirithi liliendelea kutengenezwa hadi katikati ya miaka ya 1990. W126, lililo la kifahari zaidi, lilianza mwaka 1979 na kukoma mwanzoni mwa miaka ya 1990. Gari la umri huo limepita mikononi mwa watu wengi, na pengine katika nchi tatu au nne. Kwa hiyo swali la “limetoka kwa nani?” na litangulie swali la “linakwenda?”

Usukani

Nchini Rwanda magari hupita upande wa kulia wa barabara, na usukani huwa kushoto. Tangu mwaka 2005 uingizaji wa magari madogo yenye usukani wa kulia ulipigwa marufuku. Kenya, Tanzania na Uganda hupita kushoto, na magari mengi yanayoteremshwa Mombasa na Dar es Salaam yana usukani wa kulia. Baadhi yake hufika hadi Kivu. Benzi la namna hiyo, hata liwe zuri kiasi gani, mnunuzi wa Rusizi na aliache lilipo.

Wako wanaoahidiwa na dalali kwamba usukani “utahamishwa”. Kuhamisha usukani kunagusa mfumo wote wa kuliongoza gari, pamoja na breki zake. Kazi hiyo ikifanywa kienyeji, mnunuzi hulipia hatari itakayompanda yeye na jamaa zake.

Namba ya chasisi

Jina la gari lolote ni namba yake ya chasisi. Ubao wa namba za usajili hubadilishwa kwa bisibisi; namba ya chasisi imegongwa katika chuma. Katika W123 na W124, fungua boneti utazame ukuta wa chuma unaotenganisha injini na chumba cha abiria: hapo ndipo namba ilipogongwa. Mbele, juu ya rejeta, pana bamba dogo lenye namba hiyo hiyo. Namba hizo mbili na ile iliyoandikwa katika hati lazima zilingane, herufi kwa herufi.

Namba ya magari ya miaka ya 1980 na 1990 huwa na herufi na tarakimu 17. Kwa Mercedes-Benz ya wakati huo yaliyokusudiwa soko la Ulaya, huanza na WDB, kisha hufuata tarakimu za familia ya gari: 123, 124 au 126. Yale ya awali zaidi yana namba fupi inayoanza na tarakimu hizo zenyewe. Katika mfumo wa herufi 17, herufi I, O na Q hazitumiki kamwe, kwa kuwa hufanana na tarakimu 1 na 0. Ukizikuta, jua kwamba kuna mkono wa mtu.

Nendeni kuitazama namba mchana, mkiwa na kitambaa na tochi. Angalieni kama chuma kimepigwa tupa, kama pana alama za kuchomelea pembezoni mwake, au kama rangi mpya imepakwa mahali hapo peke yake. Namba ya injini ni jambo jingine. Injini ya gari la umri huu huenda imekwisha kubadilishwa, na hilo peke yake si ushahidi wa wizi. Lakini muuzaji aonyeshe karatasi ya mahali injini hiyo ilikonunuliwa.

Hati

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Gari lililosajiliwa Kongo huwa na hati iitwayo kwa kawaida karte roze. Gari lililosajiliwa Rwanda huwa na kadi ya njano. Ombeni hati halisi, wala msikubali nakala, kisha mlinganishe jina lililomo na kitambulisho cha muuzaji aliyesimama mbele yenu. Akisema gari ni la kaka yake aliyesafiri, kaka huyo na alete uwakilishi wa maandishi uliothibitishwa na noteri, au ninyi msubiri arudi. Muuzaji mwaminifu hatachukizwa na subira yenu.

Hapa tunawaondolea wasomaji mkanganyiko mmoja. Kuna Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo dereva huionyesha anapovuka mpaka. Hiyo ni bima ya kuwalinda watu wengine iwapo ajali itatokea katika nchi nyingine mwanachama. Haithibitishi umiliki hata kidogo. Anayeuziwa gari kwa kuonyeshwa kadi hiyo peke yake ameonyeshwa bima, hakuonyeshwa gari ni la nani.

Ushuru na kodi

Gari lenye namba za Kongo huingia Rwanda kwa kibali cha muda cha forodha. Kibali hicho ni cha safari. Hakimpi mtu ruhusa ya kulimiliki gari hapa. Anayetaka kulisajili Rwanda lazima alitangaze forodhani na kulipa anayotozwa na Mamlaka ya Mapato ya Rwanda. Kodi ya ongezeko la thamani peke yake ni asilimia 18, nayo hukokotolewa juu ya thamani iliyokwisha kuongezewa ushuru. Ukubwa wa injini nao huingia katika hesabu, na Benzi nyingi zina injini kubwa. Ndiyo maana tunashauri hesabu hiyo iulizwe forodhani kabla ya kukubaliana bei. Mtu aliyemaliza fedha zake zote kumlipa muuzaji, kisha akashindwa kodi, hushawishika kulificha gari uani au kulitembeza usiku. Hapo mnunuzi halali huanza safari ya kuwa mhalifu.

Gari lisilo na mwenyewe

Eneo letu limebeba historia nzito. Mwaka 1994, wakati wa Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi na baada yake, magari mengi ya serikali na ya watu binafsi yalivushwa kutoka Rwanda kwenda Kongo, na wengi wa wenyewe walikuwa wameuawa. Kivu nayo imepita katika vita zaidi ya kimoja tangu hapo, na vita huambatana na uporaji. Kwa hiyo gari la miaka ya 1980 linalouzwa kwa bei ya kushangaza laweza kuwa mali ambayo mwenyewe hakuiuza kamwe. Nyuma yake kunaweza kuwa na mjane au yatima ambaye hakulipwa hata senti.

Polisi za nchi mbalimbali hushirikiana kupitia Interpol, yenye makao yake Lyon, Ufaransa, ambayo huhifadhi kumbukumbu za magari yaliyoripotiwa kuibwa. Gari likithibitika kuwa la wizi, huzuiwa kama kielelezo na hatimaye hurudishwa kwa mwenyewe. Mnunuzi hubaki akimtafuta dalali ambaye simu yake imezimwa. Na iwapo alijua, au dalili zote zilimwonyesha lakini akanyamaza, aweza kushtakiwa kwa kupokea mali ya wizi. Kwa sababu hiyo tunawasihi mlete namba ya chasisi kituoni kabla ya kutoa fedha. Kuuliza hakumfanyi mtu mshukiwa.

Baada ya kulinunua

Anayelimiliki gari kuukuu ana wajibu kwa wenzake barabarani. Lazima lipitie ukaguzi wa ufundi katika kituo cha polisi cha ukaguzi wa magari, na liwe na bima wakati wote. Kwa gari la umri huu fundi aanze na breki. Benzi la aina hii huwa na uzito wa zaidi ya kilo 1,300, na barabara ya kwenda Huye kupitia msitu wa Nyungwe ina miteremko mirefu na kona nyingi. Dereva anayekanyaga breki mteremko mzima huzichemsha hadi zikose nguvu; na ashuke kwa gia ndogo. Kisha fundi atazame kutu chini ya sakafu na penye matao ya magurudumu, viungo vya usukani, matairi, na moshi wa dizeli. Gari lililoegeshwa kwa muda mrefu laweza kuwa na tairi lenye uso mzuri ambalo mpira wake umekwisha kupasuka ubavuni.

Siku mtakapoliuza, hakikisheni umiliki umehamishwa rasmi katika Mamlaka ya Mapato. Wako waliouza gari kwa kupeana mikono tu, kisha wakaendelea kupokea katika simu zao faini za kamera za barabarani kwa makosa ya mtu mwingine. Gari hilo likimgonga mtu na dereva akakimbia, sisi tutaanza kubisha hodi kwa yule ambaye jina lake lingali katika hati.

Kwa ufupi, fuateni mpango huu: usukani kwanza, kisha namba katika chuma, kisha hati na kitambulisho, kisha hesabu ya kodi, kisha fundi, na fedha mwisho. Malipo yafanyike benki au kwa simu ili ubaki ushahidi, pamoja na mkataba wa maandishi uliosainiwa mbele ya mashahidi. Mwenye shaka juu ya gari lolote afike katika kituo cha polisi kilicho karibu naye, au apige simu namba 112, au namba 166 ya Ofisi ya Upelelezi ya Rwanda. Simu hizo hazilipiwi.