Karatasi ya Mafuta ya Damu: Tuisome, Tusiifiche

Ndugu madereva na mautingo,

Mwenzetu mmoja wa njia ya Malaba hadi Kampala alipimwa damu, akaambiwa ana mafuta mengi. Aliikunja karatasi akaificha chini ya kiti, akihofu kwamba tajiri akiiona atampa gari mtu mwingine. Hakumwuliza mtu maana yake. Mwaka uliofuata tulichanga pesa za kumzika. Hatusemi karatasi ingemponya. Tunasema hakupata nafasi ya kujaribu.

Mafuta hayo huitwa kolesteroli. Si sumu, ini letu huyatengeneza, na mwili huyahitaji. Yakizidi ndipo huganda polepole katika kuta za mishipa, na njia ya damu huwa nyembamba. Siku ikiziba, moyo hukosa damu. Mafuta hayo hayaumi, na hata mtu mwembamba anaweza kuwa nayo. Hakuna njia ya kuyajua ila kupima.

Karatasi kwa kawaida ina hesabu nne:

1. Jumla. Inafaa iwe chini ya 5.2.
2. LDL. Hii ndiyo inayoganda mishipani. Ikifika 4.1 imezidi.
3. HDL. Hii hurudisha mafuta kwenye ini. Mwanamume asishuke chini ya 1.0, mwanamke 1.3.
4. Triglisaraidi. Iwe chini ya 1.7. Pombe na sukari nyingi huipandisha.

Hesabu hizi ni za milimoli. Maabara nyingine hutumia miligramu, na huko jumla ya 5.2 huandikwa 200. Basi usishtuke ukiona 190, wala usifurahi ukiona 7. Tazama kwanza kipimo kilichotumika.

Tena, hesabu moja peke yake haihukumu. Daktari huitazama pamoja na presha, sukari, sigara, umri na magonjwa ya ukoo. Mwenye kisukari, au aliyekwisha kupata mshtuko wa moyo au kiharusi, hutakiwa LDL yake iwe chini zaidi. Kwa hiyo uliza: "LDL yangu ni ngapi, na hatari yangu yote ni kubwa kiasi gani?"

Kazi yetu nayo imo katika hesabu hii. Mwaka 1953 Jerry Morris na wenzake walitangaza uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Makondakta, waliopanda na kushuka ngazi kutwa, waliugua moyo kidogo kuliko madereva waliokaa. Sisi tunakaa kama wale madereva. Foleni ikisimama mpakani, tushuke tutembee. Tuache sigara. Tupunguze vya kukaanga, samli na nyama ya mafuta. Tule maharagwe, mboga na samaki. Aliyepewa dawa asiiache kwa sababu hesabu imeshuka. Mara nyingi ni dawa iliyoishusha.

Kifua kikikubana, maumivu yakaenda mkononi au tayani, na jasho baridi likakutoka, simamisha gari. Usijiendeshe, mtu akupeleke hospitali mara moja.

Mwisho, karatasi ni yako, si ya tajiri. Ukitishwa kazini kwa ajili yake, usitie sahihi lolote kabla ya kumwona mwakilishi wako wa chama. Usinyamaze peke yako kama mwenzetu yule.

Umoja ni nguvu.