Bwegera: Kabla ya kumshuku jirani, angalia supu uliyompa paka

Katika bonde la Ruzizi, paka hafugwi kwa kubembelezwa tu. Ni mlinzi wa chakula. Huku Bwegera, kwenye barabara ya kitaifa namba 5 kati ya Luvungi na Luberizi, familia nyingi zinaweka mpunga, mahindi na muhogo mkavu ndani ya nyumba ileile wanamolala. Panya wanafuata magunia. Nyumba isiyo na paka inapoteza mchele usiku baada ya usiku, au inanunua dawa ya panya na kuitega mahali ambapo hata mtoto anaweza kuifikia.

Ndiyo maana paka akifa ghafla, watu hawanyamazi. Jibu linalokuja haraka ni hili: amewekewa sumu. Jina la jirani linatajwa, wa pili anajibu kwa hasira, na kisa cha paka kinageuka kuwa ugomvi wa watu wazima.

Kweli, wako paka wanaouawa kwa sumu, na wako wanaokufa kwa kula panya aliyekwisha kula dawa. Lakini kuna sumu nyingine ambayo hakuna anayeishuku, kwa sababu inatoka kwenye chungu cha mwenye paka mwenyewe. Sumu hiyo ni kitunguu.

Hatari iko ndani ya supu

Watu wanaofuga paka wanajiuliza mara kwa mara: akila majani ya jikoni, atapata shida? Jibu linategemea jani gani. Familia moja ya mimea ya jikoni ndiyo ya kuogopwa kuliko zote: kitunguu cha kawaida, majani yake mabichi, poaro na kitunguu saumu. Na hiyo ndiyo inayoingia karibu kila supu ya kwetu, iwe ya ndagala, ya maharagwe, ya nyama au ya sombe.

Mimea hii ina kemikali zenye salfa. Kwa mtu hazina shida, lakini ndani ya mwili wa paka zinashambulia chembe nyekundu za damu, zile zinazobeba hewa ya oksijeni. Damu ya paka inashambuliwa kwa urahisi kuliko ya mtu, na hata kuliko ya mbwa. Chembe zinaharibika, zinapasuka, na paka anaishiwa damu bila kuwa na kidonda chochote.

Kiasi kinachotosha ni kidogo. Madaktari wa wanyama wanahesabu kwamba gramu 5 za kitunguu kwa kila kilo ya uzito wa paka zinatosha kuharibu damu yake. Paka wa kilo 3 anahitaji gramu 15 tu, yaani kama robo ya kitunguu kidogo. Kitunguu saumu kina nguvu zaidi, hivyo kiasi chake ni kidogo kuliko hicho.

Wengine watasema: lakini kimeiva. Kuiva hakusaidii. Kitunguu kibichi, kilichokaangwa, kilichochemshwa au kilichosagwa kuwa unga, vyote vina sumu ileile. Unga ndio mbaya zaidi kwa sababu umekolea. Vidonge vingi vya dukani vya kukolezea supu vina unga wa kitunguu ndani yake, na mtu ambaye hakukata kitunguu hata kimoja anaweza kuwa amekitia bila kujua.

Kwa nini tunakosea mwenye kosa

Kitunguu hakiui paka palepale. Anaweza kutapika au kuharisha siku ya kwanza, au asionyeshe kitu. Upungufu wa damu unakuja baada ya siku kadhaa. Pia si lazima ale nyingi mara moja: supu kidogo juu ya bugali kila jioni nayo inaweza kumfikisha hapo polepole.

Siku anapoanguka, hakuna anayekumbuka alichokula wiki iliyopita. Watu wanakumbuka tu kwamba jana alionekana kwenye uwanja wa jirani.

Dalili za kuangalia ni hizi: paka anakosa nguvu, analala sana, hataki kula, anapumua haraka. Fungua mdomo wake utazame ufizi. Ufizi wa paka mzima ni wa rangi ya waridi. Ukiwa mweupe au wa manjano, damu imepungua. Mkojo wenye rangi nyekundu au kama kahawa nao unaonya. Ufizi mweupe unaweza pia kutokana na dawa ya panya, kwa hiyo mweleze daktari wa mifugo kila kitu ambacho paka amekula au angeweza kukipata.

Majani mengine je?

Habari njema ni kwamba mengi hayana shida. Seleri, korianda, mrihani ambao wengi wanauita basiliki, romarini na tangawizi haviko kwenye orodha ya sumu za paka. Akitafuna jani moja au mawili bustanini, usiwe na hofu.

Persili kidogo haimdhuru, lakini ikiwa nyingi inaweza kuifanya ngozi yake iungue kwa jua. Mnanaa na mchaichai, ule wa kutengenezea chai, vinaweza kumsumbua tumbo akila vingi. Pilipili inamwasha mdomo na tumbo. Majani ya nyanya yaache shambani. Na majani mabichi ya muhogo yana sianidi, ile ambayo mama zetu wanaiondoa kwa kuponda na kuchemsha sombe muda mrefu. Sombe iliyoiva vizuri haina tena hatari hiyo, lakini uliza kwanza ndani yake kuna nini: mara nyingi poaro na kitunguu vimo.

Ukimuona paka anakula majani ya kawaida uani, usidhani ni mgonjwa. Ni tabia yake ya asili. Mwaka 2019, watafiti wa Chuo Kikuu cha California huko Davis, Marekani, walitoa majibu ya wafugaji wa paka zaidi ya 1,000: wengi walikuwa wameona paka wao wakila mimea mara nyingi, na karibu wote walisema paka hakuonekana mgonjwa kabla ya kula.

Jambo la kuogopa sana ni mafuta ya kunukia yaliyokamuliwa kutoka mimea na kuuzwa katika vichupa. Ini la paka halina uwezo wa kuvunja baadhi ya kemikali ambazo ini la mtu linazivunja. Kwa sababu hiyohiyo, usimpe paka parasetamoli kamwe. Kidonge kimoja kinaweza kumuua.

Mpe chake kabla ya kitunguu

Paka ni mla nyama. Bugali peke yake haimtoshi, hata ikijaza tumbo. Anahitaji taurini, kitu kinachopatikana kwenye nyama na samaki, wala si kwenye mihogo au mahindi. Akikosa taurini muda mrefu, macho yanaharibika na moyo unachoka. Jambo la macho lilijulikana mwaka 1975, na la moyo mwaka 1987.

Kwa hiyo njia ni rahisi na haina gharama. Chemsha ndagala kwa maji matupu kwanza. Toa za paka, ziweke pembeni. Baada ya hapo ndipo ukate kitunguu na kuunga supu ya familia. Akipewa bugali, ichanganye na maji hayo ya ndagala, si na supu ya sahani. Samaki wa chumvi, kama makayabu, asipewe. Na mabaki ya jana yenye kitunguu mpe kuku? Hapana, kitunguu kingi si kizuri kwao pia. Yatupe kwenye shimo la mbolea na ulifunike.

Kama amekwisha kula, usimtapishe kwa maji ya chumvi. Chumvi nyingi nayo ni sumu kwake. Maziwa na mafuta ya mawese hayaondoi sumu hiyo. Mweke mahali pa kivuli na utulivu, mpe maji safi, na umfikishe kwa daktari wa mifugo aliye karibu mapema, kabla ufizi haujawa mweupe.

Na kama paka wako amekufa, kabla hujapiga hodi kwa jirani kwa hasira, rudi jikoni. Kumbuka alikula nini siku tano zilizopita, na nani alimpa.