Hisabati Ipi Kidato cha Tano? Anza na Mlango wa Chuo, Kisha Urudi Darasani



Likizo iliyopita tulipokuwa kwenye utume parokiani, kijana mmoja wa kwaya alitufuata baada ya Misa akiwa na matokeo yake ya kidato cha sita. Alisoma HGL na alifaulu vizuri. Alitaka kusomea takwimu chuo kikuu. Tulipofungua naye mwongozo wa udahili kwenye simu, kila programu aliyoitamani ilikuwa na sharti la hisabati. Yeye hisabati aliiacha kidato cha nne, tena kwa alama F. Akatuuliza, "Frateri, mbona hakuna aliyeniambia?" Hatukuwa na jibu, kwa sababu hata sisi wakati wetu hatukuambiwa.

Makala hii tunaiandika kwa ajili ya vijana wanaongoja matokeo ya kidato cha nne, wazazi wao, na wadogo zetu wa seminari ndogo. Tunataka kueleza jambo moja: hisabati unayosoma sekondari inaweza kuhesabiwa chuoni, au isihesabiwe, kutegemea ni hisabati ipi na unaenda kusomea nini.

Hisabati mbili, thamani mbili

Kidato cha tano na cha sita kuna hisabati za aina mbili. Ya kwanza ni Hisabati ya Juu, ile yenye herufi M katika PCM, PGM na EGM. Hili ni somo kuu. Ya pili ni ile ambayo shuleni tunaiita BAM, wanayosoma wanafunzi wa tahasusi kama PCB, CBG na ECA ambazo hazina Hisabati ya Juu. Hili ni somo la nyongeza.

Tofauti yake inaonekana siku ya kuomba chuo. Sharti la jumla la Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, kwa mhitimu wa kidato cha sita ni kufaulu masomo makuu mawili yenye jumla ya pointi 4 au zaidi. Alama A ina pointi 5, B ina 4, C ina 3, D ina 2, na E ina 1. Alama S ina nusu pointi na haihesabiwi kuwa ufaulu wa somo kuu. BAM haimo kabisa katika hesabu hiyo. Hata ukiipata kwa alama ya juu, haikuongezei pointi.

Je, BAM basi haina kazi? Hapana. Programu nyingi za uchumi, biashara, takwimu na sayansi zina sharti la pili, ambalo watu wengi hawalisomi. Baada ya kutaja masomo makuu, mwongozo huongeza kwamba mwombaji asiye na Hisabati ya Juu awe amefaulu BAM, au awe na alama fulani ya Hisabati kidato cha nne. Hapo ndipo BAM inapofungua mlango, na hapo ndipo kijana wetu wa kwaya alipokwama.

Anzia mwisho

Wengi wetu huchagua tahasusi kwa kuangalia kile kinachotushinda. Hisabati ni ngumu, basi tunakimbilia mahali isipokuwepo. Wengine huchagua kwa sifa, kwa kuwa mtu wa PCM huheshimiwa mtaani. Njia zote mbili ni hatari. Anayejenga mnara huketi kwanza akapiga hesabu ya gharama. Tunashauri hatua hizi:

1. Taja kozi mbili au tatu ambazo ungependa kusoma chuoni. Usitaje moja tu, maana moyo wa kijana wa miaka 17 hubadilika.

2. Tafuta mwongozo wa udahili wa TCU wa mwaka wa karibuni. Hutolewa kila mwaka na hupatikana bure kwenye tovuti yao. Soma safu ya masharti mpaka neno la mwisho, hasa sentensi zinazoanza na "au" na "iwapo".

3. Linganisha vyuo. Kozi yenye jina lilelile inaweza kuwa na sharti tofauti kutoka chuo kimoja hadi kingine. Sayansi ya kompyuta ni mfano mmojawapo.

4. Jipime kwa ukweli. Angalia alama zako za hisabati za miaka minne, na umwulize mwalimu wako wa hisabati, si rafiki yako.

Tuchukue mifano. Anayetaka uhandisi anahitaji Fizikia na Hisabati ya Juu kama masomo makuu. Kwake BAM haitoshi. Anayetaka udaktari wa tiba anadaiwa Fizikia, Kemia na Baiolojia. Huyo asijitwishe Hisabati ya Juu kwa ajili ya sifa, PCB na BAM zinamtosha. Anayetaka uchumi ana njia zaidi ya moja, na EGM ndiyo iliyo wazi zaidi. Sasa fikiria mwanafunzi wa PCM aliyepata D ya Fizikia, D ya Kemia na S ya Hisabati. Ana masomo makuu mawili na pointi 4, kwa hiyo sharti la jumla amelifikia. Lakini uhandisi, ambao ndio uliompeleka PCM, umemponyoka.

Kumbuka pia kwamba mambo yanabadilika. Mwaka 2024 Serikali iliongeza tahasusi mpya 49 juu ya 16 zilizokuwepo, zikawa 65, zikiwemo za elimu ya dini. Kabla ya kuvutiwa na tahasusi mpya, uliza inaingiza kozi zipi chuoni. Na ukishaona matokeo ya kidato cha nne, usipitwe na muda unaotolewa wa kubadilisha machaguo ya tahasusi.

Neno kwa wadogo zetu wa seminari

Kwetu seminari ndogo kulikuwa na msemo wa utani kwamba padre hahitaji hisabati zaidi ya kuhesabu sadaka. Tulicheka, na baadhi yetu tukaacha kufanya mazoezi. Leo, katika wale tuliocheka pamoja, wengi hawapo seminarini. Hawakuanguka, walitambua kwamba Mungu anawaita katika maisha mengine. Lakini walipotoka walikuta baadhi ya milango imefungwa, nao ndio walioifunga wakiwa na miaka 16. Kulinda wito hakumaanishi kujinyima njia nyingine. Mtu anayebaki seminarini kwa kuwa hana pa kwenda hajatoa sadaka iliyo huru.

Nasi tuliobaki hatukuikwepa hisabati. Katika Hisabati ya Juu kuna mada ya mantiki, yenye majedwali ya kweli na uongo. Tulipoanza falsafa tulikutana na majedwali hayohayo. Wenzetu waliosoma EGM waliyatambua kama jirani wa zamani. Sisi wa HGL tulikesha. Tena, padre atakayekabidhiwa parokia atasoma bajeti, makadirio ya ujenzi na hesabu za zahanati.

Kama umeshachagua vibaya

Usikate tamaa. Unaweza kurudia mtihani wa Hisabati wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea chini ya NECTA. Unaweza pia kupitia stashahada, ambapo wastani wa GPA 3.0 ni kiwango cha chini cha jumla cha kuingia shahada, ingawa kozi nyingine hutaka zaidi. Njia hizi zinagharimu muda na fedha, lakini zipo.

Kijana wetu amechagua ya kwanza. Amejiandikisha kurudia Hisabati, na jioni baada ya mazoezi ya kwaya huketi na mwalimu mmoja wa parokia kwenye benchi la nyuma ya kanisa. Tunaomba maparoko na viongozi wa VIWAWA watenge Jumapili moja kila mwaka, kabla vijana hawajachagua tahasusi, wausome mwongozo pamoja nao. Saa moja ya namna hiyo ingemwokolea kijana huyu mwaka mzima.

Tuwaombee wote wanaochagua mwaka huu, wapewe mwanga na washauri wa kweli.