Glita Kwenye Roketi: Kazi Iko Kwenye Vanishi

Roketi ya modeli iliyopakwa glita ikipaa juani, macho yote huifuata, na sifa zote hupewa glita. Kwa maoni yangu sifa hizo ni za vanishi angavu. Vanishi ndiyo inayobeba chembe, ndiyo inayozilaza na ndiyo inayozifunika. Mtu akiielewa vanishi, glita haitamsumbua.

Glita ya kisasa hukatwa kutoka kwenye utando mwembamba wa plastiki ya poliesta uliotandazwa aluminiamu na kutiwa rangi. Chembe nyingi huwa na pande sita, kwa kuwa umbo hilo hukatika bila kuacha mabaki. Kwa roketi ndogo, zinazofaa ni zenye upana wa milimita 0.1 hadi 0.2. Kila chembe ni kioo. Ikilala bapa hurudisha mwanga kwa mtazamaji. Ikisimama, mwanga hupotea na ncha yake huchomoza juu ya rangi.

Kinachoilaza ni ukaukaji. Vanishi ikiwa mbichi, chembe huelea ndani yake. Kiyeyushi kinapotoka, utando hunywea kuelekea chini na kuzivuta chembe zilale sambamba na uso. Ndiyo maana umbali wa kupuliza una uzito mkubwa. Ukisimama mbali, matone huanza kukauka hewani na chembe hunata vyovyote zilivyoangukia. Ukisogea mno, vanishi huchuruzika na kuzikokota hadi zirundikane. Sentimita 25 hivi zinatosha, mkono ukitembea bila kusita, na kopo litikiswe kila mara kwa sababu glita huzama. Anayetumia bunduki ya rangi achague yenye tundu pana. Ile nyembamba ya wachoraji huziba upesi.

Vanishi ya glita haifichi kilicho chini yake, kwa hiyo rangi ya chini lazima iwe imekamilika. Nyeusi hutoa kina cha kupendeza, lakini hufichua kila pengo. Mimi humshauri anayeanza atumie rangi inayokaribiana na ya glita yenyewe. Kabla ya hapo vinyweleo vya mbao ya balsa viwe vimezibwa na kupigwa msasa, na rangi zote zijaribiwe kwanza juu ya kipande cha bomba kisichotumika, maana vanishi yenye kiyeyushi kikali inaweza kuikunja rangi ya mafuta iliyo chini.

Tuchukue Big Bertha ya kampuni ya Estes, roketi ambayo wapenzi wengi wa mchezo huu nchini Marekani wameijenga. Ina urefu wa sentimita 60 hivi, bomba la karatasi ngumu lenye kipenyo cha sentimita 4.2, na mapezi manne makubwa ya mviringo. Mahali pagumu ni pale pezi linapokutana na bomba. Hewa ya kopo huzunguka kwenye kona hiyo na kupeperusha chembe, kisha unabaki mstari mtupu usio na mng'ao. Puliza kona hizo kwanza, kwa mguso mwepesi, kisha ndipo upite kwenye nyuso pana.

Glita ikikauka, pitisha kidole: utahisi ukali kama wa msasa. Usikimbilie kusugua, kwa kuwa msasa hukwangua rangi ya chembe na kuacha doa la aluminiamu tupu. Weka kwanza tabaka kadhaa nyembamba za vanishi isiyo na glita, uache zikauke vizuri, kisha sugua kwa maji na msasa namba 600 hadi uso uwe laini, umalizie kwa tabaka moja ya mwisho. Ulaini huo si urembo peke yake. Uso wenye vijiwe huongeza ukinzani wa hewa na kupunguza kimo.

Hata hivyo vanishi ina gharama yake, nayo ni uzito. Bomba la Big Bertha lina uso wa karibu sentimita 600 za mraba. Tabaka kavu zikifikia unene wa milimita 0.1, hapo umeongeza takriban gramu 7, na mapezi bado. Roketi yenyewe ina gramu 60 na kidogo bila injini. Gramu zinazokaa kwenye mapezi ndizo za kuangaliwa zaidi, kwa sababu hurudisha kitovu cha uzito nyuma. Mwaka 1966 James na Judith Barrowman waliwaonyesha wanaroketi jinsi ya kukokotoa kitovu cha mgandamizo wa hewa, na kanuni inayofuatwa ni kwamba kitovu cha uzito kiwe mbele yake kwa angalau kipenyo kimoja cha bomba. Kwa hiyo wengine huweka glita kwenye bomba tu na kuyaacha mapezi na rangi ya kawaida. Mimi naona umbo hupendeza zaidi hivyo, tena roketi hubaki salama.

Kabla ya kupuliza, funika kwa tepu ya karatasi shingo ya pua inayoingia ndani ya bomba. Chembe chache zikikauka pale, pua hukaza na parachuti haitoki. Rangi ikishakauka kabisa, tia injini na parachuti, funga uzi pale roketi inapojisawazisha, uangalie kitovu cha uzito kiko wapi. Kikiwa nyuma mno, ongeza udongo wa kufinyanga ndani ya pua, kidogo kidogo, ukipima upya kila mara.