Majengo ya Kigali yanajiendesha, bili ya umeme inasubiri fundi

Wenye majengo makubwa mjini Kigali wanaijua kazi ya mifumo ya kuendesha majengo kiotomatiki: vihisi hupima joto, mwanga na ubora wa hewa ukumbini, kompyuta ndogo ndani ya paneli hulinganisha vipimo na ratiba, kisha feni hupunguziwa kasi, pampu husimama na taa za ghorofa tupu huzimika. Faida yake ni ya kweli. Feni ikizungushwa kwa asilimia 80 ya kasi yake hula karibu nusu tu ya umeme. Lakini akiba hiyo hudumu pale tu mfumo unapotunzwa, na hapo ndipo biashara hii inapolegea.

Mfanyabiashara mmoja anayefunga mifumo hii analalamika kwamba wateja hulipia skrini na nyaya kwa sababu zimeandikwa kwenye zabuni, ila mkataba wa matengenezo huukata wa kwanza bei inapobana. Baada ya muda kihisi kinapoteza usahihi, valvu inaganda, na mlinzi anageuza swichi kuwa ya mkono ili wapangaji wasipige kelele. Tangu hapo viyoyozi hukesha. Baya zaidi, anasema, neno la siri la programu hubaki kwa mkandarasi aliyekwisha kuondoka nchini, na fundi wa hapa haruhusiwi kubadili hata saa ya kuwasha. Naye ana bidhaa ya kuuza, ni kweli, lakini hoja yake ina uzito kuliko ahadi za maofisini. Ofisa mmoja anarejea lengo la taifa la mwaka 2020 la kupunguza gesijoto kwa asilimia 38 ifikapo 2030, ikilinganishwa na hali ya kutochukua hatua, kana kwamba majengo yamekwisha kutoa mchango wao. Pointi 22 kati ya hizo 38 zinategemea msaada wa nje, na lengo zima ni la uchumi wote. Masharti ya majengo ya kijani ya 2019 nayo yana manufaa, ila mchoro uliopata kibali hausomi mita.

Wapo wanaosema Kigali, iliyo juu ya mita 1,500, ina ubaridi wa kutosha: fungua dirisha, yatosha. Kwa nyumba na ofisi ndogo wana haki, na mfumo wa bei kubwa huko ni hasara. Mnara wa vioo unaopigwa na jua la alasiri ni jambo lingine, sawa na hospitali au hoteli. Humo mfumo mzuri ungeingiza hewa baridi ya usiku bila kuwasha kiyoyozi kabisa, kazi ambayo mlinzi mwenye funguo hawezi kuifanya ghorofa kwa ghorofa.

Soko huenda likakua kadiri ujenzi unavyoendelea, ingawa bili kushuka ni suala jingine. Mwenye jengo adai neno la siri na mita ya kila ghorofa kabla ya malipo ya mwisho. Akishalipa, mkandarasi hana tena sababu ya kumsikiliza.